Ile hela itume kwenye namba hii

Samahani kwa ukimya. Nilikuwa nyumbani Bukoba, kwa baba mdogo pale Miembeni, nimerudi na swali ambalo halitaki kunitoka.

Binti wa baba mdogo amemaliza kidato cha sita, PCM. Jioni moja tumekaa barazani tunasubiri ndizi ziive, akaniuliza: "Kaka, hivi kuna nchi ambayo serikali inakusomesha ulinzi wa kompyuta halafu inakuajiri?"

Nilijua swali limetoka wapi. Mwaka jana shangazi yetu wa Muleba alipata ule ujumbe unaojulikana na kila mwenye simu nchi hii: ile hela itume kwenye namba hii. Kwa bahati mbaya siku hiyo alikuwa anadaiwa kweli na fundi wa bati. Hela ya kahawa ikaenda. Tangu hapo binti ana hasira na matapeli wa mtandaoni, na hasira za mtoto wa Kihaya aliyefaulu hesabu si za kuchezea.

Nikamwambia ipo, Marekani, inaitwa CyberCorps. Ilianza mwanzoni mwa miaka ya 2000. Ada yote inalipwa, na wa shahada ya kwanza anapewa dola 27,000 kwa mwaka za kujikimu (jamani!). Akimaliza, analinda mifumo ya serikali kwa muda uleule aliofadhiliwa. Asipotumikia, ufadhili unageuka deni. Ila ni ya raia wao na wakazi wa kudumu, mimi na wewe tuitazame tu.

Macho yake yaling'aa hata hivyo. Nikaona nimwambie na upande wa pili. Januari 2025 serikali hiyohiyo ilisimamisha ajira mpya. Vijana waliokuwa wameshasaini wakajikuta wana shahada, wana mkataba, mlango umefungwa, na deni linawasubiri.

Sisi mambo ya kulilipa taifa tuna kumbukumbu nayo. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu Dar es Salaam waliandamana hadi Ikulu kupinga JKT ya lazima: miaka miwili, na kwa miezi 18 kati ya hiyo wangepata asilimia 40 tu ya mshahara. Mwalimu akawafukuza karibu 400. Lakini siku ileile alitangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Wengine humwona alikuwa mkali mno, na mimi ni mmoja wao. Ila kile kipande cha mshahara wake nakiheshimu, maana aliyedai naye alitoa.

Leo hapa kwetu shahada ya usalama wa mtandao ipo, Chuo Kikuu cha Dodoma wanaifundisha. Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu 2015, na Mamlaka ya Serikali Mtandao ina sheria yake ya 2019. Wa kuzilinda kompyuta wanahitajika. Kinachokosekana ni kamba ya kuunganisha darasa na ofisi. Kijana anasoma kwa mkopo wa Bodi, akimaliza anaomba kazi Sekretarieti ya Ajira kama sisi wote, akiipata anakatwa asilimia 15 ya mshahara. Hakuna aliyemwahidi kazi. Kwa hiyo anayejua kufungua na kufunga mifumo anaenda benki au kampuni za simu, au anavuka mpaka. Nani atamlaumu?

Mimi ningependa tuwe na mkataba kama ule wa Marekani, lakini wenye kifungu kimoja zaidi: serikali ikikosa nafasi ya kukupa, deni linakufa.

"Sasa kaka, niombe Dodoma au nisiombe?"

Nikamwambia aombe.

"Na wewe hiyo asilimia 15 unamaliza lini?"

Bahati nzuri ndizi zilikuwa zimeiva.