Mwani Ndani ya Tangi la Maji ya Chumvi

Mtu mwenye tangi la kioo lenye samaki wa bahari hufurahi majuma machache ya mwanzo. Kisha vumbi la rangi ya kahawia huenea juu ya mchanga na mawe, na baada yake hutokea nyuzi za kijani, ndefu kama nywele. Mwenyeji hushika brashi kwa hasira. Hilo la kahawia lisimtie hofu: ni mimea midogo mno ipendayo silika ya tangi jipya, na mara nyingi hutoweka yenyewe. Nyuzi za kijani ndizo hazitoweki kwa kusubiriwa.

Chanzo chake ni chakula na mwanga. Punje isiyoliwa, pamoja na kinyesi cha samaki, huoza na kuacha nitrati na fosfati, mbolea zilezile azitakazo mkulima wa mahindi. Katika nyumba yenye watoto jambo hili ni gumu, kwa kuwa kila mtoto hutaka kuwalisha samaki, nao samaki hawajui kukataa. Afadhali mlishaji awe mmoja, na chakula kiwe kidogo, cha kumalizika kwa dakika 2. Taa nayo yatosha kuwaka muda wa saa 8 hivi kwa siku. Baba arudiye kutoka lindoni usiku wa manane, akaiwasha ili apumzishe macho, huwa anaulisha mwani bila kujua.

Maji yakipungua kwa joto, chumvi hubaki. Kwa hiyo kinachoongezwa ni maji yasiyo na chumvi. Wengi hujaza kutoka bombani, na bomba huweza kuleta fosfati yake. Ndiyo sababu mwani hurudi hata kwa mtu msafi. Maji yaliyokenekwa ni bora zaidi. Tena sehemu moja ya kumi ya maji ibadilishwe kila juma, kwa maji mapya yenye chumvi gramu 35 hivi katika kila lita.

Konokono wa baharini hula mwani pasipo kudai mshahara. Tasi naye huula, ila hukua na kuhitaji tangi kubwa. Dawa za kuua mwani ni za kuogopwa: ukifa wote kwa mpigo, huoza na kumaliza oksijeni, na asubuhi samaki huonekana wakihema juu ya maji, kama hawajafa.

Na ule uliong'olewa? Usimwagwe mferejini. Mwaka 1984 kiraka cha mwani uitwao Caulerpa taxifolia kilionekana baharini chini ya jumba la makumbusho ya bahari la Monaco, ambako ulifugwa matangini. Ukaenea hadi pwani za Ufaransa, Italia na Hispania. Mwaka 2000 ulionekana California. Huko ulifunikwa kwa maturubai na kutiwa klorini, wala haukutangazwa kuwa umekwisha hadi mwaka 2006. Kipande kidogo tu chatosha kuota upya. Mwani utokao tangini huanikwa juani hadi uvunjike mkononi, ndipo utupwe jaani.