Acha Jeraha Likauke Kwanza



Ukishuka kutoka hapa Machakos kuelekea Kibwezi hadi Tsavo wakati wa kiangazi, utaona vichaka vimekauka. Halafu, katikati ya mawe, unakutana na mti mfupi usio na jani hata moja, lakini umejaa maua mekundu. Hilo ni waridi la jangwani. Wataalamu huliita Adenium obesum. Halikuletwa na meli. Ni mmea wa nyika yetu wenyewe.

Siri yake iko kwenye shina. Limevimba chini kama chupa, na ndani yake limeweka maji ya mvua ya Novemba. Wewe unaona ua, lakini Mungu anaona akiba.

Wengi mmeniuliza namna ya kuupanda nyumbani. Tafuta chungu chenye matundu, changanya udongo na mchanga mwingi wa mtoni, weka palipo na jua. Mwagilia vizuri, kisha subiri udongo ukauke kabisa ndipo umwagilie tena. Baridi ya Juni na Julai ikifika, punguza maji sana. Mmea huu hufa kwa maji mengi kuliko kwa kiu. Utomvu wake ni sumu, wazee waliupaka kwenye mishale, kwa hiyo nawa mikono na uwaweke watoto mbali. Na tafadhali, usiung'oe porini. Nunua mche kwenye kitalu, au panda mbegu.

Lakini kuna njia nyingine, ya kukata tawi, na hapo ndipo Roho Mtakatifu amenisemesha wiki hii.

Tawi likikatwa leo, halipandwi leo. Unaliweka kivulini siku kadhaa, mpaka pale lilipokatwa pakauke pajifunge. Ukiliharakisha kwenye udongo wenye maji, jeraha linaoza, na tawi lote linakufa.

Mpendwa, sisi watu wa kanisa tunaoza matawi mengi.

Dada amemzika mume wake Jumamosi. Wiki mbili hazijaisha, tunamuuliza mbona hayuko kwaya. Mjane mmoja, naye ameniruhusu niseme haya, aliniambia, "Pasta, kanisani siwezi kulia. Wananiambia machozi ni kukosa imani. Nalilia chooni." Nilikaa kimya muda mrefu.

Ni nani aliyetufundisha hivyo? Si Biblia. Soma Yohana 11. Yesu alijua kwamba dakika chache zijazo Lazaro atatoka kaburini, na bado alilia. Soma Kumbukumbu la Torati 34. Israeli walimlilia Musa siku 30 nzima, na Nchi ya Ahadi ilikuwa ng'ambo tu ya mto. Mungu hakuwaita watu wasio na imani.

Sasa sikia vizuri. Kuacha jeraha likauke si kumtelekeza mtu. Tawi hulitupi kwenye nyasi ukaenda zako. Unaliweka kivulini, tena unalitazama kila siku. Kivuli ndicho kazi ya kanisa. Peleka unga. Mchotee maji. Mlipie mtoto pesa za mtihani. Keti naye hata kama huna la kusema. Mistari ya Biblia itapata wakati wake. Usimmwagie yote siku moja.

Na wewe uliyekatwa mwaka huu, kwa kifo, kwa kuachwa, kwa kufutwa kazi: kukaa kivulini si kurudi nyuma. Uhai bado umo ndani yako. Mkulima wako hajakusahau, na saa ya kupandwa anaijua yeye.

Wiki hii, taja jina la mtu mmoja aliye kivulini. Usiliandike hapa. Mtembelee.

Baba, tufundishe subira yako. Katika jina la Yesu.

Kama unapokea, sema Amina. Ubarikiwe.