Akili Bandia, Inaota?

Roboti wa kwanza niliyemwona alikuwa na jicho jekundu na mkono wa chuma, na alikuwa amekuja kutumaliza. Ilikuwa The Terminator, filamu ya mwaka 1984, iliyofika soko la Mautuma ikiwa imechelewa miaka ishirini na ushee. Kibanda cha video kilikuwa cha mabati, kiingilio shilingi 10, na stima ikipotea katikati ya risasi tulipiga kelele hadi mwenyewe atafute jenereta. Kwenye benchi lile nilijifunza yote niliyodhani nayajua kuhusu mashine zenye akili: zitaamka siku moja, zitatuchukia, na zitakuja kutoka Marekani.

Hadi sasa ni hilo la mwisho tu lililotimia.

Mautuma iko Lugari, Kaunti ya Kakamega, upande unaopakana na Uasin Gishu. Mahindi mbele, mahindi nyuma. Si mahali ambapo mwandishi wa hadithi za sayansi angepeleka mashine zake kuanzisha vita. Kwenye filamu, dunia huisha kwanza New York au Los Angeles, na sisi huku tunapata habari baadaye, kama kawaida. Lakini nimesoma hadithi hizo miaka mingi, na kadiri ninavyozisoma nikiwa nyumbani ndivyo ninavyoona zinazungumzia kwetu kuliko zinavyodhani.

Tuanze na jina. Kiswahili bado hakijaamua kitu hiki kiitwe nani. Kuna wanaosema akili unde, wengine akili mnemba, na wengine akili bandia. Huku kwetu neno bandia lina uzito wake. Kuna mbegu bandia. Kuna mbolea bandia. Mwaka 2024 nchi nzima ilisikia kashfa ya magunia yaliyouzwa kwa wakulima kama mbolea kumbe ndani kuna vitu vingine. Mkulima wa Lugari ukimtajia bandia, anafikiria msimu mzima uliopotea. Gunia lilikuwa sawa, maandishi yalikuwa sawa, bei ilikuwa nafuu. Mahindi ndiyo yalikataa.

Kwa hivyo kukhu alipoyasikia mambo haya redioni, aliuliza swali la mkulima.

"Hiyo akili bandia, mjukuu wangu, inaota?"

Alimaanisha kuota kama mbegu inavyoota. Mimi nikasikia kuota ndoto. Tulicheka, kila mtu kwa sababu yake, halafu nikabaki nalo. Wakubwa wa teknolojia wanauliza kama mashine itapata nafsi, kama itaota usingizini. Kukhu anataka kujua kitatoka nini shambani, na nani atavuna.

Ukirudi kwenye hadithi zenyewe, unakuta za zamani ziliuliza kama kukhu. Frankenstein ya Mary Shelley, iliyochapishwa mwaka 1818, wengi tunaijua kwa picha ya jitu lenye mishono usoni. Lakini kwenye kitabu balaa linaanza pale muumbaji anapokitazama alichokiumba, anaogopa, na kutoroka. Kiumbe anabaki bila mtu wa kumuuliza. Halafu kuna R.U.R., tamthilia ya Karel Čapek wa Chekoslovakia, ya mwaka 1920. Ndiyo iliyoipa dunia neno roboti. Lilitokana na neno la Kicheki, robota, yaani kazi ya kulazimishwa. Waswahili wa zamani wangesema shokoa. Roboti wa Čapek hata si wa chuma. Wanafanana na binadamu, wanatengenezwa kiwandani na kuuzwa bei rahisi ili wafanye kazi bila kulalamika.

Kwa maneno mengine, roboti wa kwanza kabisa kwenye fasihi alikuwa kibarua.

Sasa sikia kilichokuwa kikiendelea huku miaka hiyo hiyo. Wakati Čapek anaandika, serikali ya kikoloni ya Kenya ilikuwa inasambaza kipande. Kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi alitakiwa kuwa nacho: jina, alama za vidole, mwajiri, mshahara. Karatasi ilikaa ndani ya kikopo cha chuma kilichoning'inia shingoni kwa kamba. Bila sahihi ya mwajiri kuonyesha umeruhusiwa kuondoka, kuacha kazi kulikuwa kosa la kukupeleka mahakamani. Mwili wako, vidole vyako na rekodi yako ya kazi viligeuzwa data, na data hiyo ilikuwa ya mtu mwingine.

Mautuma yenyewe ni ardhi ya skimu, mashamba waliyogawiwa Waafrika enzi za uhuru. Babake kukhu alifanya kazi kwa mlowezi miaka mingi kabla ya hapo. Kukhu alikuwa mtoto mdogo sana, lakini anaukumbuka mlio: kikopo kikigonga kifungo cha shati mzee alipoinama. Tukisoma hadithi za mwaka 2150 ambapo watu wamewekewa namba na hawawezi kutoka mtaani bila ruhusa, tunaambiwa ni onyo kuhusu wakati ujao. Kwetu sisi ni historia ya familia.

Nina binamu, mtoto wa senge, aliyemaliza chuo Eldoret na kurudi nyumbani kwa sababu kazi hakuna. Alinunua laptopu iliyotumika, akawa anafanya kazi za mtandaoni: anapewa picha za barabarani, anachora visanduku. Kisanduku kuzunguka gari, kisanduku kuzunguka mtu, kisanduku kuzunguka baiskeli. Picha ni za miji ambayo hajawahi kuiona, na kazi yake ni kuyafundisha magari yasiyo na dereva yasigonge watu wa huko. Alilipwa kwa kila picha, senti kwa senti, usiku, kwa sababu usiku bando ni rahisi na mtandao haukwami sana. Barabara ya nje mvua ikinyesha hata boda inakwama, lakini binamu yangu alikuwa anaelekeza magari ya watu wengine hadi saa tisa za usiku.

Halafu siku moja akaunti ikafungwa. Haikusemwa kwa nini. Kulikuwa na pesa ndani, karo ya mdogo wake wa kidato cha tatu. Akaandika barua pepe, akajibiwa na jibu la mashine lililomshukuru kwa subira yake. Akaandika tena, likaja lile lile, na shukrani zile zile. Kilichomuuma zaidi ya pesa alinieleza hivi: "Hata wa kumtukana sikumpata. Kwani hakuna mtu?"

Mtu yupo. Ndiyo siri ambayo filamu za kibandani hazikuniambia. Tulifundishwa kuiogopa mashine inayofanya kila kitu yenyewe, kumbe ndani yake kuna watu wamejazana kama abiria wa matatu ya jioni.

Angalia mwaka mmoja tu, 2023. Mwezi Januari, jarida la TIME lilichapisha habari kuhusu wafanyakazi wa kampuni ya Sama jijini Nairobi, waliosoma maandishi ya ukatili, mauaji na unyanyasaji wa watoto ili kuyawekea alama, kusudi ChatGPT ifundishwe kuyatambua na kuyaepuka. Walikuwa wakipeleka nyumbani kati ya dola 1.32 na dola 2 kwa saa. Mwezi Mei, wakuu wa kampuni hizo, akiwemo Sam Altman wa OpenAI, kampuni yenye ChatGPT, walitia sahihi tamko la sentensi moja kwamba hatari ya akili unde kuangamiza binadamu ichukuliwe kwa uzito kama magonjwa ya mlipuko na vita vya nyuklia. Miezi miwili baadaye watu walipanga foleni ndefu KICC, Nairobi, kukaguliwa mboni za macho na chombo cha mviringo kinachong'aa, wapewe sarafu za kidijitali za karibu shilingi 7,000. Mradi huo wakati huo uliitwa Worldcoin, na Altman ni mmoja wa waanzilishi wake. Serikali iliusimamisha tarehe 2 Agosti.

Mimi sisemi lile onyo la Mei ni uongo. Inawezekana kabisa mashine ikaja kutushinda nguvu, na wanaoijua vizuri wana haki ya kuogopa. Lakini onyo linaweza kuwa kweli na bado likawa pazia. Ukimwambia mtu atazame upeo wa macho, kule jitu litakakotokea, hatatazama miguu yake. Na miguuni kulikuwa na msichana wa Nairobi anayesoma maneno ambayo hawezi kumsimulia mama yake, kwa dola moja na nusu.

Kwa hivyo bado nazisoma hadithi hizi, na ningependa kila msee anayeingia kwenye simu azisome, ila kwa maswali ya kukhu. Kila hadithi ya maangamizi ninaiuliza: nani anachora visanduku? Stima ya hiyo mashine inatoka wapi? Aliyeiunda ametorokea wapi, kama yule wa Shelley?

Mkenya mwenzetu alishaifanya kazi hiyo. Mwaka 2009 Wanuri Kahiu alitengeneza Pumzi, filamu fupi inayotokea Afrika Mashariki baada ya vita vya maji. Watu wanaishi ndani ya jengo lililofungwa. Umeme wanauzalisha wenyewe kwa miili yao, kwa kufanya mazoezi kwenye mashine. Jasho na mkojo husafishwa vikanywewa tena. Asha, mhusika mkuu, anaota mti, na mfumo unamwamuru papo hapo ameze dawa ya kuzuia ndoto. Halafu anapata udongo, anaweka mbegu, na mbegu inachipua. Anaomba ruhusa ya kutoka nje, ananyimwa. Anatoka hata hivyo.

Nilipoitazama nilimkumbuka kukhu na kitenzi chake. Kuota na kuota. Kahiu aliyaweka yote mawili kwenye mwili mmoja: anayezuiwa kuota ndoto ndiye anayejua mbegu inaweza kuota.

Kwenye filamu za kibanda cha video, binadamu hushinda kwa kulipua jengo. Huku ushindi umekuja kwa makaratasi, na taratibu sana. Mei Mosi 2023, zaidi ya wafanyakazi 150 wa kazi za kuchuja na kufundisha mitandao walikutana Nairobi wakakubaliana kuunda chama chao. Mei 2025, Mahakama Kuu iliamuru data za miili ya Wakenya zilizokusanywa na Worldcoin zifutwe ndani ya siku saba, chini ya uangalizi wa ofisi ya kamishna wa data. Hakuna mlipuko. Ni jaji, faili, na sheria ya mwaka 2019 ambayo wengi wetu hatujawahi kuifungua.

Wiki jana binamu alipata ujumbe wa kazi nyingine. Safari hii ni kusoma maandishi, na malipo ni mazuri kuliko ya picha. Tangazo linasema baadhi ya maandishi "yanaweza kusumbua." Mdogo wake bado anadaiwa karo. Aliniuliza aende au asiende, na mimi nikiwa na vitabu vyangu vyote vya maangamizi sikuwa na jibu la kumpa, kwa sababu hakuna hata kimoja kati yake kinacholipa karo.

Alichukua daftari akaandika maswali matatu ya kuwatumia kabla hajakubali. Kazi hii mwisho wake inamfikia nani? Nikisoma kitu kikanikaa kichwani, nitamwona daktari gani, kwa pesa ya nani? Mkinifungia akaunti, nampigia nani simu, na jina lake ni nani?

Walijibu siku hiyo hiyo. La kwanza walisema ni siri ya mteja. La pili walisema kuna video za kutuliza akili ndani ya programu. La tatu hawajalijibu, na mpaka nikiandika haya, yeye pia hajawajibu.