Hadithi ya Kabla: Kwa Nini Enterprise Iliwavunja Moyo Wapenzi Wake

Ahali zangu na wapenzi wasomaji, mmezoea kunisoma katika ukurasa huu nikiandika juu ya nasaba, juu ya nyumba za udongo za Ibra na juu ya barua za wazee wetu kutoka Unguja. Leo naomba ruhusa yenu niandike juu ya tamthilia ya Kimarekani ya safari za angani. Wajukuu zangu wanaipenda, wanangu waliipenda kabla yao, na ndani yake mna jambo linalomhusu kila mtu anayeshika kalamu kuandika habari za waliomtangulia.

Tamthilia ya asili, Star Trek, ilianza kuoneshwa Marekani tarehe 8 Septemba 1966 ikaendelea hadi 1969, jumla ya sehemu 79. Mimi niliijua baadaye sana, katika miaka ya themanini, kwa kanda za video tulizokuwa tukiazimana Maskati, sisi makarani vijana tuliotoka Unguja. Kilichotuvuta kwanza hakikuwa chombo wala silaha zake. Alikuwa ni mwanamke aliyeketi kwenye mitambo ya mawasiliano, Luteni Uhura, ambaye jina lake limetokana na neno letu, uhuru, na ambaye lugha yake ya kuzaliwa katika hadithi ile ni Kiswahili. Katika sehemu moja ya mwaka 1967 kumbukumbu zake zinafutwa, na anapofundishwa kusoma upya, ulimi wake unarudi kwenye Kiswahili. Sisi tuliokuwa tukizungumza Kiarabu ofisini na Kiswahili nyumbani tulilielewa jambo hilo bila ya kuhitaji tafsiri.

Baada ya hiyo zilikuja tamthilia nyingine tatu za ukoo ule ule, kila moja ikadumu misimu saba. Kisha, tarehe 26 Septemba 2001, ikaanza Enterprise, iliyobuniwa na Rick Berman na Brannon Braga. Hii haikwenda mbele, ilirudi nyuma. Visa vyake vinaanza mwaka 2151, kiasi cha miaka mia moja kabla ya Kapteni Kirk tuliyemzoea, na nahodha wake ni Jonathan Archer, aliyeigizwa na Scott Bakula. Usiku wa kwanza ilitazamwa na watu zaidi ya milioni 12 nchini Marekani. Ilipofikia mwisho wake, tarehe 13 Mei 2005, baada ya misimu minne na sehemu 98, waliobaki hawakufika milioni 4. Watu wale hawakuchukizwa na Star Trek, kwani wengi wao walikuwa wapenzi wake wa kale. Basi iliwaudhi nini?

Hadithi ya kabla ina tabia yake. Msimulizi wa kawaida ana silaha moja kubwa: msikilizaji hajui yatakayotokea. Anayesimulia yaliyotangulia amekwisha kunyang'anywa silaha hiyo. Sote tunajua kwamba binadamu watafika kwenye nyota, kwamba watafanya muungano na mataifa mengine ya angani, na kwamba maadui fulani watashindwa. Kwa hiyo msikilizaji haulizi "itakuwaje?" Anauliza "ilikuwaje hata ikawa?" Anataka kujua njia, gharama, na sura za watu waliosahauliwa. Akipewa hayo atakaa usiku kucha. Akinyimwa, hata vita vikali vya angani havitamzuia kuinuka.

Lawama ya kwanza ya wapenzi ilitoka hapo. Walikuwa na deni wanalolidai tangu Disemba 1966. Mwezi huo ilioneshwa sehemu iitwayo Balance of Terror, iliyoeleza kwamba karne moja nyuma binadamu walipigana vita vikubwa na watu waitwao Romulan, na vita hivyo vikamalizika bila ya upande wowote kuwahi kuona uso wa mwenzake. Hebu fikirini: vita vizima dhidi ya adui asiye na sura! Ikajulikana pia kwamba muungano wa mataifa, ambao ndio roho ya Star Trek yote, uliasisiwa mwaka 2161. Basi ilipotangazwa tamthilia inayoanza 2151, watu wakasema, alhamdulillahi, sasa tutahadithiwa. Badala yake walipewa vita vya siri vinavyoendeshwa na watu wa zama zijazo, wanaosafiri katika wakati na kuingilia mambo ya Archer. Hadithi ya mababu ikawa inaongozwa na vitukuu ambao bado hawajazaliwa. Msimu wa tatu ukatumika wote kwa adui mpya, Xindi, ambaye hakuna aliyewahi kumsikia. Katika msimu wa nne, chini ya usimamizi wa Manny Coto, ndipo deni lilipoanza kulipwa: mataifa yaliyokuwa yakichukiana yakaanza kukaa baraza moja. Lakini wadai wengi walikwisha kuondoka, na vita vya Romulan havikuoneshwa kabisa.

Lawama ya pili ilikuwa ni kupingana na yaliyojulikana. Mtu akikusimulia habari za Nizwa kabla ya Imam Sultan bin Saif, kisha akamweka shujaa wake juu ya mnara mkubwa wa ngome, ambao Imam huyo aliujenga katika karne ya 17, utamkatiza hata kama shujaa wake ni hodari. Ndivyo walivyokatiza wapenzi wa Star Trek. Walikuwa wameambiwa kwamba watu waitwao Ferengi, na wale wa kutisha waitwao Borg, walikutana na binadamu mara ya kwanza katika karne ya 24. Enterprise ikawaleta wote wawili miaka mia mbili kabla, kwa hila ya kutotaja majina yao. Hila ile ilihifadhi herufi ya historia ikavunja maana yake. Wengine walilalamika kwamba chombo kile cha kale kilionekana cha kisasa kuliko cha Kirk, lakini hilo mimi sikulihesabu. Mafundi wa 2001 wasingeweza kujifanya hawajui kompyuta, na mtazamaji mwenye insafu hulisamehe.

La tatu huenda likaonekana dogo. Kila sehemu ilifunguliwa kwa wimbo wa mapenzi na matumaini ulioimbwa na Russell Watson, ilhali watu walizoea muziki wa ala peke yake. Wimbo ule ulipigiwa kelele nyingi. Mimi nilitazama zaidi picha zilizopita chini yake: merikebu ya matanga, ndege za mwanzo, maroketi, watu mwezini, kana kwamba ni shajara ya wasafiri wote wa binadamu. Lakini Yuri Gagarin, aliyetangulia kufika angani mwaka 1961, hayumo. Na mtu aliyekulia katika habari za Sur, bandari iliyounda majahazi aina ya ghanja yaliyofuata kaskazi hadi Unguja na kurudi kwa kusi, hawezi kutazama merikebu ile ya Kizungu peke yake bila ya kuuliza: na wetu? Waliotayarisha picha zile pengine hawakukusudia ubaya. Walichagua mababu waliowajua. Lakini anayechagua mababu wa binadamu wote ana wajibu wa kutazama mbali kidogo kuliko ukumbi wa nyumba yake.

Kisha ikaja sehemu ya mwisho, na hii ndiyo iliyouma kuliko zote. Badala ya kuwaacha Archer na watu wake waage wenyewe, watungaji waliwaleta Riker na Troi, wahusika wa tamthilia nyingine inayotokea zaidi ya miaka mia mbili baadaye. Hao wanaitazama safari ya Archer kama maonesho yaliyotengenezwa na mashine, ili Riker apate uamuzi wa jambo lake mwenyewe. Mhandisi Trip Tucker, aliyependwa sana, anakufa katikati ya maonesho hayo. Ni kama kwenda kwenye hitima ya marehemu, ukakuta mgeni ameshika nafasi ya wafiwa, anazungumza juu ya safari zake. Waliovumilia misimu minne walinyang'anywa hata maagano.

Insafu inataka niseme na upande wa pili. Wapo wanaoipenda Enterprise hadi leo, na mmoja wa wanangu ni miongoni mwao. Anasema tamthilia ile ilionesha woga wa wasafiri wa mwanzo, watu wanaofungua mlango bila ya kujua kuna nini nyuma yake, na kwamba msimu wa nne peke yake unatosha kuisamehe mitatu. Anapenda hasa namna walivyoeleza nyuso za Klingon. Mwaka 1967 watu hao walikuwa na vipaji laini, kwa sababu hapakuwa na fedha za kuwapamba. Tangu filamu ya 1979 wakawa na matuta. Enterprise ilitumia sehemu mbili za mwaka 2005 kueleza kwamba maradhi yaliwabadilisha. Wapo waliofurahi, na wapo waliosema si kila mshono wa nguo lazima uelezwe. Nami nadhani kila upande una sehemu yake ya haki.

Sasa nije kwetu. Mnajua kwamba ahali wamenitaka niandike kitabu cha ukoo: namna babu zetu walivyotoka Ibra wakati Sayyid Said alipokwisha kuifanya Unguja makao yake, na namna mali ya Afrika ilivyorudi ikajenga yale majumba ya Al Munisfah yanayotembelewa leo na watalii. Kitabu hicho ni hadithi ya kabla. Wajukuu wanaujua mwisho wake. Wanajua 1964, wanajua kurudi kwa wengi wetu baada ya Sultan Qaboos kushika nchi mwaka 1970, wanajua kwa nini babu yao hula muhogo wa nazi katika mji wa tende. Hawataniuliza itakuwaje. Wataniuliza ilikuwaje.

Nimepokea nasaha nyingi kutoka kwa watu wa umri wangu, na zote zimetolewa kwa mapenzi. Mmoja ameniambia nisitaje madeni ambayo wazee walikopa kwa wafanyabiashara wa Kihindi kwa ajili ya misafara na mashamba ya karafuu. Mwingine ameniambia nianze na mashekhe, nikae nao, na nipite upesi kwenye biashara. Na zaidi ya mmoja wameniambia nisimtaje mama yake babu yangu mzaa baba, kwa kuwa alikuwa suria aliyetoka bara, na shajara yetu ya nasaba, iliyoandikwa kwa khati nzuri ya Kiarabu, haina jina lake. Ina majina ya wanaume kumi na mmoja, mtu na babake, kama hatua za mtu aliyetembea jangwani peke yake.

Wananiambia kwamba kuyaacha hayo ni heshima. Nafahamu wanachokiogopa. Lakini nikiyaacha, hadithi yetu haitajibu swali hata moja. Kijana atakayeisoma atajua kwamba babu zake walikuwa watukufu, jambo ambalo ameambiwa tangu utotoni, na hatajua kwa nini nyumba hii ya Kiarabu inaota ndoto zake kwa Kiswahili. Lugha ile haikuja kwa jahazi pamoja na tende. Wengi wetu tuliipata kwa mama, na mama huyo hayumo katika shajara. Ufundi wa khati haufichi pengo kama hilo, kama vile hila ya kutotaja majina haikuwaficha Borg.

Mwaka 2022 ilitoka tamthilia nyingine ya Star Trek inayorudi nyuma, Strange New Worlds, na humo Uhura yumo tena, kijana, akiigizwa na Celia Rose Gooding. Mapema kabisa anawasimulia wenzake mezani kwamba yeye ni wa Kenya, kwamba wazazi wake na kaka yake walifariki ajalini, na kwamba baada ya hapo alikwenda kukaa na bibi yake. Simulizi ile ni fupi, na haibadilishi chochote tulichokijua juu yake tangu 1966. Lakini kwa zaidi ya miaka hamsini alikuwa amekaa pale akipokea ujumbe wa watu wengine, na sasa tukasikia wake. Nilitazama na wajukuu zangu wawili, na baada ya kwisha yule wa kike aliniuliza bibi yangu alikuwa nani, na bibi wa bibi yangu.

Kwa hiyo nimeamua. Madeni nitayaandika pamoja na tarehe zake kadiri hati tulizonazo zinavyoonesha. Mashekhe watapata haki yao, na biashara itaelezwa kama ilivyokuwa, pamoja na waliobeba mizigo yake na waliouzwa ndani yake. Na mlango wa pili wa kitabu utakuwa wa mama yake babu yangu. Shangazi zangu wawili waliokaribia miaka tisini bado wanalikumbuka jina alilokuja nalo kutoka bara, na lile alilopewa Unguja. Nitayaandika yote mawili, kwa herufi za Kiarabu na za Kilatini, ili wajukuu wayasome kwa lugha yoyote watakayokuwa wamebaki nayo.