Kabla Hujaiuza Koini ya Shosho

Wasee, leo sikuji na ushauri wa mtu anayejua. Nakuja na ushauri wa mtu aliyechezwa.

Kama unaishi kwa simu kama mimi, umeshaona zile video. Jamaa ameshika koini ya bob arobaini, ile ya 2003 yenye sura ya Kibaki, ya kuadhimisha miaka 40 ya uhuru. Anakuambia kama uko nayo nyumbani wewe ni tajiri na hujijui. Mimi niliiona video kama hiyo mwaka jana nikiwa nimekaa tu hapa Ngaremara, fomu foo nimemaliza, kazi hakuna, mfukoni sina hata ndururu. Nikaanza kupekua nyumba. Kopo la majani chai, hakuna. Chini ya godoro, hakuna. Halafu nikamwangalia shosho.

Shosho amevaa shanga shingoni tangu nimjue, na katikati ya zile shanga kuna koini moja nyeusi yenye tundu. Nimeiona maisha yangu yote na sikuwahi kuisoma. Nikamwomba aniazime niipige picha. Akaitoa kwa uzi, akanipa. Hata hakuuliza ya nini.

Hapo ndipo nilianza kuharibu. Kwanza niliisugua. Majivu, ndimu, halafu waya ya kuoshea sufuria. Ikang'aa kama imetoka kiwandani jana. Nikaweka picha kwa kundi la wauzaji mtandaoni, na kabla ya jioni mtu akanitumia ujumbe: anainunua elfu themanini, ila nitume kwanza elfu moja mia mbili za kuihakiki. Sikuwa nazo. Nikakopa kwa binamu yangu, nikatuma. Dakika kumi hivi zikapita, yule mtu akanizuia. Hata picha yake sikuiona tena.

Usiku huo, kwa hasira, ndio mara ya kwanza niliisoma ile koini. Senti kumi, East Africa, 1936. Tundu katikati, pembe za ndovu zimelizunguka. Upande wa pili kuna taji na jina: EDWARDVS VIII. Nikaanza kutafuta huyu ni nani.

Kumbe Edward wa Nane alikuwa mfalme wa Uingereza kwa chini ya mwaka mmoja. Alishika ufalme Januari 1936, akauacha Desemba hiyo hiyo ili amwoe mwanamke aliyekuwa ameachika. Hata kutawazwa hakutawazwa. Lakini senti zetu zenye tundu hazikuhitaji sura yake, zilihitaji jina tu, kwa hivyo zilichapwa na zikatufikia. Zingine zina herufi ndogo H, za mtambo wa Heaton, zingine KN, za Kings Norton, yote ya Birmingham. Mfalme aliondoka, senti zake zikabaki zikinunua chumvi huku.

Na bei? Hapo nilicheka peke yangu. Zilichapwa nyingi sana, kwa hivyo ni koini ya bei rahisi tu. Koini kuwa nzee haimaanishi ni adimu. Na hata hiyo bei kidogo, mimi mwenyewe niliishusha, kwa sababu wakusanyaji hawataki koini iliyosuguliwa. Ile rangi ya kizee ndiyo wanataka, na mikwaruzo ya waya haitoki.

Asubuhi nilimrudishia shosho. Akaigeuza mkononi, akaniuliza kwa Kiturkana, "Na ile nyeusi iko wapi?" Nikamwambia ni hii hii, nimeisafisha. Akasema, "Hii ni mpya. Mama yangu alinipa nyeusi." Ndipo akanieleza. Mama yake alienda kwa miguu mpaka Isiolo mjini kuuza ngozi za mbuzi, akarudi na chenji, na senti moja akamfungia binti yake shingoni. Miaka yote hiyo imekuwa ikishika weusi wa ngozi yao wawili. Mimi niliitoa kwa waya ya sufuria kwa nusu saa.

Hakunigombeza. Angenigombeza ningesikia afadhali.

Sasa mimi hukusanya koini kweli. Kama unataka kuanza, anza na chenji yako. Ukienda dukani, usikubali peremende, dai koini. Zipange kwa mwaka. Utaona Kenyatta kwenye zile za kwanza za Benki Kuu za 1966, utaona Moi kuanzia 1980, halafu Kenyatta tena 2005. Kisha sura za watu zinaisha, kwa sababu Katiba ya 2010 ilikataza sura ya mtu yeyote kwenye pesa. Koini za 2018 zikaja na twiga kwenye shilingi moja, kifaru kwenye tano, simba kwenye kumi, ndovu kwenye ishirini. Hiyo ni historia ya nani alikuwa mkubwa, na huilipii karo.

Ishike kwa ukingo, si usoni. Usiioshe. Iweke kwa bahasha ya karatasi, uandike juu imetoka wapi na ulipewa na nani. Na mtu akikuambia utume pesa ndio akununulie kitu chako, huyo anakuibia. Mnunuzi ndiye hulipa.

Lakini mimi naona hiyo ya kuandika ulipewa na nani ndiyo kubwa. Mwaka unaweza kuusoma kwenye koini yenyewe hata baada ya miaka mia. Safari ya ngozi za mbuzi haijaandikwa popote, iko kwa kichwa cha shosho tu, na shosho amezeeka.

Ile senti imerudi shingoni mwake. Bado inang'aa, kila mgeni anaiuliza, na kila mara shosho ananionyesha kwa kidole. Deni la binamu nimebakisha mia nne.

Kwenu kuna koini gani? Kabla hujaniuliza bei, muulize mwenyewe aliitoa wapi, kisha uje uniambie.