LBS si kilo: matembezi katika soko la Kadutu

Anayepanda kutoka upande wa ziwa Kivu hadi soko la Kadutu, hapa Bukavu, anakutana na mabalo ya mitumba. Mengine yameandikwa «LBS 100». Sisi tunaochanga pesa kununua balo moja, tusome alama hiyo vizuri.

LBS ni ratili, kipimo cha Waingereza na Waamerika. Kwa Kifaransa inaitwa livre, na hapo ndipo tunachanganya. Livre tuliyozoea ni nusu kilo, gramu 500. Ratili yao, kwa mapatano ya mwaka 1959, ni gramu 453,6 tu. Basi balo la LBS 100 lina kilo 45 na kidogo. Anayelipa kwa hesabu ya kilo 50 anapoteza karibu kilo 5 za nguo, na huenda faida yake yote ilikuwa humo.

Hesabu ya kichwani ni hii: gawanya kwa 2, kisha ondoa sehemu moja ya kumi. LBS 120 ni 60. Toa 6, zinabaki kilo 54. Hata hivyo, kabla ya kulipa, tuombe mzani.