Nani Atauambia Moyo Uanze Tena?

Ukuta wa mshipa wa damu ubongoni ukidhoofika, hutuna mithili ya puto dogo. Tiba mojawapo ni kufungua fuvu na kuibana shingo ya puto hilo kwa kibanio cha chuma, kama alivyofanya Walter Dandy mjini Baltimore mwaka 1937. Hatari ni kwamba puto lililojaa damu halishikiki, na likipasuka wakati huo daktari haoni tena anachokifanya. Ndiyo maana mara nyingine damu husimamishwa kwanza.

Mara nyingi hutumika kibanio cha muda kwenye mshipa unaolisha puto, dakika zikihesabiwa. Mahali pasipo na nafasi ya kibanio hicho, daktari wa usingizi huingiza mshipani dawa iitwayo adenosini, na moyo wenyewe husimama kwa sekunde kadhaa. Puto hulegea, kibanio huwekwa. Ubongo ni takriban asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia kama asilimia 20 ya oksijeni, wala hauna akiba ya kuungojea uzembe wa mtu.

Shangazi yangu alielezwa hayo yote kabla ya kutia sahihi. Alisikiliza kimya, kisha akauliza: “Mwanangu, na nani atauambia moyo uanze tena?” Daktari, kijana wa umri wa wanafunzi wangu wa uzamili, akajibu: “Hakuna atakayeuambia, mama. Dawa huisha yenyewe mwilini.” Shangazi akaomba kalamu. (Alipona, ingawa hadi leo hulalamikia nywele walizomnyoa.)

Ninafundisha sheria ya katiba, na sijapata kusikia maelezo bora zaidi ya mamlaka ya dharura. Kinachoifanya adenosini iaminike si wema wa anayeishika sindano. Mwili huivunja ndani ya sekunde chache, apende asipende. Akitaka moyo usimame tena, hana budi kuchoma dozi nyingine mbele ya wenzake wote, saa ikionekana ukutani.

Serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari nchini Kenya Oktoba 1952. Iliondolewa Januari 1960. Walioandika Katiba ya 2010 walijifunza jambo. Ibara ya 58 inaipa hali ya hatari siku 14 tu, kisha inakoma yenyewe, isipokuwa Bunge la Taifa liiongeze: mara ya kwanza kwa theluthi mbili ya wabunge, mara zinazofuata kwa robo tatu. Kadiri muda unavyorefuka, ndivyo sindano inavyokuwa nzito kuinua. Hata hivyo hawakuuamini muda peke yake. Mahakama ya Juu inaweza kuamua iwapo tangazo lenyewe ni halali, kama vile chumbani mle vibandiko vya mashine ya kushtua moyo vinavyokuwa tayari kifuani kabla ya dawa kuchomwa.

Ila dharura kubwa si ninayoihofia zaidi. Ninazihofia nyaraka ndogo za ofisini, zile zinazositisha posho, vibali, mikutano au ajira “hadi itakapotangazwa vinginevyo”. Ndugu mtumishi wa umma unayenisoma, huenda unayo moja mezani sasa hivi, ikisubiri sahihi yako. Itazame kama ina tarehe ya mwisho.